UZI: Je, ni kaa waliowafanya konokono wa baharini wawe na magamba mazito, au tunawasingizia?

#1 Kokoto
Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo limeninyima utulivu tangu nilipoanza kufuatilia kazi za Geerat Vermeij, mtaalamu wa visukuku vya moluska (wanyama wenye mwili laini kama konokono na kombe) aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California, Davis.

Mwaka 1977 alichapisha katika jarida la Paleobiology hoja iliyogeuza fikra za watu wengi. Alisema kwamba katika enzi ya Mesozoiki, yaani kati ya miaka milioni 252 na milioni 66 iliyopita, baharini walizidi wawindaji wanaoweza kuvunja magamba: kaa, kambamti, samaki aina ya taa, pamoja na samaki wengine wenye meno bapa ya kusagia. Konokono wenye magamba membamba yaliyojiviringisha kwa kulegea, yale yanayoacha shimo kubwa katikati kama kitovu, walipungua katika maji ya kina kifupi. Waliostawi ni wale wenye kuta nene, miiba, vinundu, na mdomo wa gamba uliobanwa na kuzungushiwa vijino, ili gando lisipate pa kuingia.

Hoja ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Tukikuta gamba nene tunasema kaa ndiye aliyesababisha. Tukikuta gamba jembamba tunasema hapo hapakuwa na kaa. Ni ushahidi gani, basi, ungeweza kuiangusha hoja hii?

#2 Tumbawe
Ahsante kwa kuanzisha uzi huu. Ushahidi upo, na ni wa kushikika. Tofauti na wanyama wengine wa kale, ambao ni lazima tubahatishe walikufa vipi, moluska hubeba cheti chake cha kifo juu ya gamba lake mwenyewe.

Nina mbele yangu nusu ya gamba la kombe nililookota ufukweni. Karibu na kilele chake pana tundu la mviringo kamili, pana kwa nje na jembamba kwa ndani, kama shimo la skrubu lililotanuliwa mdomoni ili kichwa cha skrubu kikae sawa na ubao. Hiyo ni kazi ya konokono wa familia ya Naticidae, ambaye hulizingira windo kwa mguu wake mpana, kisha hulitoboa kwa ulimi wake wenye meno. Konokono wa familia ya Muricidae naye hutoboa, ila tundu lake kwa kawaida lina kuta zilizonyooka. Matundu ya aina zote mbili yamejaa katika visukuku vya mamilioni ya miaka. Sasa Kokoto, unataka shahidi gani zaidi ya huyu?

#3 Gando la Kulia
Kokoto anataka kaa mwenyewe afike mahakamani aungame.

Nami nitamletea jambo linalokaribiana na ungamo. Kaa wa kijani, Carcinus maenas, asili yake ni Ulaya. Alifika pwani ya mashariki ya Marekani katika karne ya 19, na mnamo mwaka 1900 alianza kuenea kaskazini mwa rasi ya Cape Cod. Katika pwani hizo kuna konokono mdogo, Littorina obtusata. Robin Seeley alilinganisha magamba yaliyokusanywa na kuhifadhiwa kabla ya mwaka 1900 na yale ya miaka ya 1982 hadi 1984. Ya zamani yalikuwa membamba na yenye kilele kirefu. Ya karibuni yalikuwa manene na yenye kilele kilichobapa. Alipompa kaa aina zote mbili, zile za kilele kirefu ziliangamia kwa urahisi zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986. Vermeij mwenyewe, mwaka 1982, alikuwa ameeleza mabadiliko ya namna hiyo kwa konokono mwingine wa pwani hizo hizo, Nucella lapillus.

Hapa hatuzungumzii mamilioni ya miaka ambayo hakuna aliyeyashuhudia. Ni muda usiotimia karne moja.

#4 Kokoto
Gando, huo ni mfano mzuri, nami naupokea. Hata hivyo, karne isiyotimia inanitia shaka ya aina nyingine. Mageuko ya kurithiwa yanaweza kwenda kasi hivyo, au konokono hao walibadilika tu wakiwa hai, kama mtu anavyoota sugu mkononi kwa kushika jembe?

#5 Maji Kujaa
Umegusa penyewe, Kokoto, na nilikuwa nikisubiri mtu aliseme hilo.

Mwaka 1988 Appleton na Palmer walionyesha kwamba konokono Nucella lamellosa akilelewa katika maji yaliyopita kwanza kwa kaa, na hasa yakiwa pia na harufu ya konokono wenzake waliovunjwa, huota vijino vikubwa zaidi mdomoni mwa gamba, ingawa hajaguswa na kaa yeyote. Hatari ananusa tu. Baadaye Geoffrey Trussell alifanya majaribio ya aina hiyo kwa Littorina obtusata huyo huyo wa Gando, akaona gamba likinenepa ndani ya muda wa maisha ya konokono mmoja.

Nikiwa mwanafunzi nililea konokono wa pwani katika matangi mawili, moja likipokea maji kutoka kwenye chombo cha kaa na jingine likipokea maji safi. Kilichonishangaza zaidi kuliko unene wa magamba ni tabia yao. Wale walionusa kaa walipanda ukutani, wakakaa hapo siku nzima, wakala kidogo sana. Msimamizi wangu alitaka niandike kwamba walikuwa wamejenga kinga, lakini mimi niliona konokono wenye njaa. Konokono asiyekula hukua polepole, na gamba lisiporefuka haraka lina nafasi ya kunenepa. Je, unene ule ulikuwa kinga, au ulikuwa matokeo ya pembeni ya hofu? Niliandika alivyotaka, kwa kuwa cheti kilikuwa mikononi mwake.

#6 Gando la Kulia
Maji Kujaa, kwa yule konokono jibu halina tofauti. Gando likishindwa kumvunja, amepona, iwe kwa kinga au kwa njaa.

#7 Maji Kujaa
Kwa konokono halina tofauti; kwa mtafiti wa visukuku linayo. Ikiwa unene hutokana na hofu ya msimu mmoja, basi tabaka la mwamba lenye magamba manene linatueleza kwamba kaa walikuwapo mwaka ule, wala halituelezi kwamba ukoo mzima umegeuka. Nakiri pia kwamba uwezo wenyewe wa kunusa na kunenepa unaweza kurithiwa, na kwa hiyo uwindaji unaweza kuwa ndio ulioujenga. Ndiyo maana silali upande wowote.

#8 Hesabu Kwanza
Nimesoma michango yote, na naona tumeruka hatua moja. Tumbawe amezungumzia matundu, ambayo huonyesha windo lililouawa, lakini sehemu kubwa ya hoja ya Vermeij inasimama juu ya makovu, yaani mahali ambapo gamba lilivunjwa mdomoni, konokono akanusurika, akaziba pengo na kuendelea kukua. Kovu ni kumbukumbu ya shambulio lililoshindwa.

Chukueni mfano wa kubuni. Katika ufuo wa kwanza konokono 100 wanashambuliwa, 90 wanaliwa, 10 wanabaki na makovu. Katika ufuo wa pili wanashambuliwa 12 tu, wawili wanaliwa, 10 wanabaki na makovu. Mtafiti akija baada ya miaka milioni 50 anahesabu makovu 10 huku na makovu 10 kule, kisha anaandika kwamba hatari ilikuwa sawa! Wale 90 wamekuwa vipande vidogo ambavyo hakuna anayeviokota. Makovu yakiongezeka, huenda wawindaji wameongezeka, huenda wamedhoofika, huenda magamba yameimarika. Na zote hizo hutoa tarakimu moja.

Namtendea haki Vermeij: yeye mwenyewe aliona kwamba kovu ni la thamani hasa kwa sababu linaonyesha walionusurika, kwa kuwa bila walionusurika uteuzi wa asili hauna wa kumchagua. Panapoliwa wote, kinga haijengeki.

#9 Nukta Nundu
Habari zenu. Mimi ni kipofu, nasoma uzi huu kwa programu ya sauti, na nashangaa kwamba hadi chapisho la nane hakuna aliyetaja kwamba Vermeij naye haoni. Alipoteza uoni kabla ya kufikisha miaka minne kutokana na ugonjwa wa glakoma ya utotoni. Familia yake ilihamia Marekani mwaka 1955, na alipokuwa darasa la nne huko New Jersey mwalimu wake alipanga dirishani magamba aliyokuja nayo kutoka Florida. Mtoto akayashika, akahisi ulaini wa ndani na mipangilio ya nje, na tangu hapo hakuyaacha. Alipokwenda kuhojiwa kabla ya kukubaliwa Chuo Kikuu cha Yale kwa shahada ya uzamivu, alitiwa magamba mkononi ayatambue, naye akayatambua. Kumbukumbu zake za utafiti huziandika kwa nukta nundu.

Hesabu Kwanza amezungumzia kovu kama tarakimu. Ngoja niwaeleze lilivyo. Ukipitisha ukucha juu ya gamba kufuata uelekeo wa kukua, unahisi mistari midogo iliyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukifika kwenye kovu, mistari inakatika ghafla kwa pembe, panakuwa na kidaraja kibaya, kisha mistari mipya inaanza ikiwa imepinda, na inachukua nafasi kubwa kabla ya kurudi katika mpango wake wa awali. Kwa kidole huwezi kulikosa. Kwa jicho, naambiwa, rangi na mng'aro wa gamba huweza kulificha.

#10 Tumbawe
Nukta Nundu, nimelishika gamba jingine sasa hivi huku nimefumba macho, na kweli nimepata kovu ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka mitatu ambayo gamba hili limekaa mezani kwangu. Ahsante sana. Basi ndiyo kusema upofu ndio uliomwezesha kugundua nadharia hii?

#11 Nukta Nundu
Hapana, na naomba tusiende huko. Vipofu ni wengi, wala hatukuandika makala ya mwaka 1977. Alilinganisha magamba ya Pasifiki ya magharibi na ya Karibiani, akaona kwamba ya Pasifiki kwa jumla yana silaha nzito zaidi, akauliza kwa nini. Watu wenye macho walikuwa na magamba hayo hayo kwenye makabati yao. Kidole kilimsaidia kuona kovu. Swali alilitoa kichwani.

#12 Mzee wa Darubini
Vijana, mnajadili vizuri, ila kuna marekebisho matatu.

La kwanza linamhusu Tumbawe katika #2. Naticidae hatoboi kwa meno peke yake. Ana kiungo maalumu kinachotoa majimaji yenye asidi na vimeng'enya vya kulainisha gamba, kisha ulimi hukwangua kilicholainishwa, na kazi hizo mbili hupokezana kwa saa nyingi mno; mara nyingi hazimalizi hata milimita moja kwa siku nzima. Kwa hiyo kila tundu ni uamuzi wa gharama kubwa.

La pili, mtu asitoke hapa akidhani kwamba uwindaji wa magamba ulianza Mesozoiki. Mwaka 1992 Stefan Bengtson na Yue Zhao walieleza matundu ya mviringo katika vijibomba vya Cloudina kutoka China, vya karibu miaka milioni 550 iliyopita, na Cloudina ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kabisa kuwa na mifupa ya nje. Tena mwaka 1984 Signor na Brett walionyesha kwamba katika kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 100 kabla ya Mesozoiki, tayari kulikuwa na wimbi la wawindaji wavunjaji, na miiba ikaongezeka kwa windo. Mapinduzi anayoyaeleza Vermeij yana utangulizi.

La tatu, pweza naye hutoboa. Tundu lake ni dogo sana, analitumia kuingiza sumu. Msihesabu kila tundu kuwa la konokono.

#13 Tumbawe
Nimekubali marekebisho, Mzee. Shikamoo.

#14 Lishe na Nguvu
Naomba kuleta maelezo ambayo hayajaguswa. Gamba nene linahitaji chakula na nguvu za kulijenga na kulibeba. Mwaka 1993 Richard Bambach alieleza kwamba nguvu iliyopita katika jamii za baharini imeongezeka kadiri enzi zilivyosonga, na akahusisha jambo hilo na virutubisho, vikiwemo vile vinavyotoka nchi kavu ambako mimea ilikuwa imetapakaa. Vilevile Mesozoiki ndiyo enzi ambayo vijimea vidogo vya kuelea kama diatomu vilianza kushika nafasi kubwa baharini. Chakula kikizidi, kaa wanakuwa wakubwa na konokono wanaweza kumudu silaha. Katika picha hiyo kaa na gamba nene ni watoto wawili wa mama mmoja, wala si kwamba mmoja amemzaa mwenzake.

Kuna pia hoja ya tope. Mwaka 1979 Charles Thayer alieleza jinsi wanyama wanaochimba na kufukua matope ya sakafu ya bahari walivyozidi kadiri zama zilivyopita, na jinsi viumbe waliokaa juu ya tope bila kusogea walivyoteseka. Mnyama anayefukuliwa kila siku ana sababu zake za kubadilisha maisha, hata kama hakuna anayetaka kumla.

#15 Gando la Kulia
Lishe na Nguvu, mama mmoja anaweza kuzaa watoto wawili, na bado mmoja wao akampiga mwenzake. Chakula kinaeleza kwa nini konokono *aliweza* kujenga gamba nene. Hakielezi kwa nini aliweka vijino mdomoni pale hasa ambapo gando huingia. Kama ni wingi wa chakula tu, kwa nini hakunenepa mwili na kuzaa zaidi?

#16 Lishe na Nguvu
Hoja ya umbo la kinga naikubali. Nilichokataa ni hoja ya wakati: kwa nini mabadiliko yalitokea wakati ule.

#17 Kabati la Sampuli
Nimefanya kazi miaka kadhaa katika hifadhi ya visukuku ya taasisi moja, na nina la kuwaondolea usingizi.

Siku moja nilipewa droo 40 za magamba nihesabu makovu. Nilipomaliza nilipata makovu machache kiasi cha kutia aibu. Kisha nikakuta daftari la mkusanyaji wa awali, ambamo ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba vielelezo “vilivyoharibika” viliachwa palepale machimboni. Yaani aliokota yale mazuri tu! Kazi yangu ya miezi minne haikupima wawindaji wa kale. Ilipima macho ya bwana yule.

Mwamba nao una upendeleo wake. Magamba mengi ya konokono ni ya madini ya aragonaiti, ambayo huyeyuka kwa urahisi kuliko madini ndugu yake, kalsaiti, na gamba jembamba huyeyuka kabla ya nene. Tukiona magamba manene yakiongezeka katika tabaka fulani, ni lazima kwanza tuulize kama membamba hayakuwapo au hayakudumu.

#18 Kokoto
Kabati la Sampuli, hilo ndilo nililolihofia. Lakini tundu la kutobolewa halihusiani na unene tu. Je, hakuna aliyehesabu matundu kwa wingi, kwa sampuli zilizochukuliwa bila kuchagua?

#19 Hesabu Kwanza
Wapo. Patricia Kelley na Thor Hansen walihesabu maelfu kwa maelfu ya magamba kutoka tambarare za pwani ya Marekani, tangu Kretasia, kipindi cha mwisho cha Mesozoiki, na kuendelea. Hawakupata mstari unaopanda moja kwa moja. Kiwango cha kutobolewa kilipanda na kushuka, na mabadiliko makubwa yalijitokeza karibu na nyakati za kutoweka kwa spishi nyingi, kana kwamba kila maafa yanavunja mashindano na kuyaanzisha upya.

Mwaka 2007 Huntley na Kowalewski waliunganisha takwimu za muda mrefu zaidi, wakakuta kwamba alama za uwindaji na wingi wa jenasi (makundi ya spishi zilizo karibu) baharini vinakwenda pamoja. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: huenda uwindaji uliongeza aina, huenda wingi wa aina ulileta wawindaji, na huenda vyote viwili vinapanda kwa sababu miamba ya karibuni imehifadhiwa vizuri zaidi. Na mwaka mmoja kabla yao, Madin na wenzake walipima uhusiano wa aina hiyo kwa njia nyingine, wakasema hawauoni.

#20 Mzee wa Darubini
Umesahau ile ya 2017 katika jarida la Science. Klompmaker na wenzake walipima ukubwa wa matundu badala ya kuyahesabu, kwa kuwa tundu kubwa hutobolewa na mwindaji mkubwa. Wakakuta matundu yamekua sana tangu enzi ya Paleozoiki, iliyotangulia Mesozoiki, wakati mawindo yenyewe hayakukua kwa kiasi hicho. Wawindaji wamekuwa wakubwa kuliko wanaowala. Ukubwa wa tundu hauathiriwi na mkusanyaji wa Kabati la Sampuli kama idadi inavyoathiriwa.

#21 Kabati la Sampuli
Unaathiriwa kidogo, Mzee, kwa kuwa gamba lenye tundu kubwa huvunjika upesi. Lakini hilo lingepunguza matundu makubwa, wala si kuyaongeza. Kwa hiyo hapo nakupa pointi.

#22 Kushoto Daima
Mimi natumia mkono wa kushoto, basi niruhusuni nilete kesi ya ndugu zangu. Konokono wengi hujiviringisha kwenda kulia. Kaa wa jenasi Calappa ana jino maalumu kwenye gando la kulia, ambalo hulitumia kumenya mdomo wa gamba kama mtu anavyofungua kopo. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya gamba la kulia. Mwaka 2006 Dietl na Hendricks walilinganisha visukuku vya konokono wa kushoto na wa kulia, wakakuta wa kushoto wana makovu machache.

#23 Hesabu Kwanza
Makovu machache, ndugu. Rejea #8. Ni kwa sababu hawakushambuliwa, au kwa sababu walioshambuliwa hawakupona?

#24 Kushoto Daima
Kaa aliyewekewa gamba la kushoto hupata tabu kulishika na mara nyingi huliacha. Nadhani hilo linajibu.

#25 Kokoto
Kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini konokono wa kushoto ni nadra?

#26 Kushoto Daima
Kwa sababu za ndoa, Kokoto. Kwa konokono wengi, wa kushoto akikutana na wa kulia viungo vya uzazi havilingani vizuri. Unaponea gandoni, unakosa mchumba.

#27 Maji Kujaa
Kabla uzi haujageuka kuwa wa posa, nina swali la istilahi. Watu husema “mashindano ya silaha” kana kwamba pande zote mbili hujibizana. Nijuavyo mimi, Vermeij, hasa katika kitabu chake cha 1987, anasisitiza kwamba anayemuunda kiumbe ni adui yake zaidi kuliko windo lake. Konokono hubadilika kwa ajili ya kaa. Kaa hubadilika kwa ajili ya samaki wanaomla yeye na wenzake wanaomnyang'anya. Mwaka 1979 Dawkins na Krebs walieleza kutolingana huko: mwindaji akishindwa amekosa mlo, windo likishindwa limekosa uhai. Kwa hiyo gando kubwa huenda halikukua kwa ajili ya konokono hata kidogo.

#28 Gando la Kulia
Napendekeza tuite “kupandishana dau”, kama mnadani. Si lazima wanaopandishana wawe wanatazamana.

#29 Nukta Nundu
Neno hilo nimelipenda, ingawa mnadani mtu anaweza kuondoka.

#30 Tumbawe
Naleta kitu kimoja kabla sijalala. Baada ya kusoma #12 nilirudi kwenye lile kombe la mwanzo nikiwa na kioo cha kukuzia. Kando ya tundu lililopenya, karibu milimita nne kutoka hapo, kuna tundu la pili ambalo halikufika ndani. Katikati ya sakafu yake pana kinundu kidogo kilichobaki kimesimama, nami nimesoma kwamba hiyo ndiyo alama ya Naticidae aliyeacha kazi njiani. Kwa hiyo kombe huyu alishambuliwa mara mbili. Upana wa matundu haya mawili hautofautiani.

Hesabu Kwanza, katika jedwali lako huyu utamwandika safu gani, ya waliouawa au ya walionusurika?

#31 Hesabu Kwanza
Zote mbili. Na kama mtobozi ni yule yule aliyesumbuliwa kidogo akarudi kumalizia, nitakuwa nimehesabu shambulio moja mara mbili. Lipime tena kesho mchana, ukingo wa ndani na wa nje.

#32 Kokoto
Na kama upana utatofautiana?

#33 Hesabu Kwanza
Basi walikuwa wawili, au mmoja aliyekua kati ya shambulio la kwanza na la pili.